Ajolote wa Domitila

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Domitila alibadilisha maji ya matangi nyuma ya nyumba yao huko Xochimilco, kisha akawalisha ajolote minyoo. Ajolote ni jamaa wa chura, ila ana mkia, na matamvua yake yamechomoza kichwani kama manyoya. Zamani walijaa katika mifereji ya mji huo. Uchafu na samaki wa kuletwa wakawamaliza. Ndiyo maana baba yake, Mzee Eusebio mkulima wa maua, alikubali kuwazalisha nyumbani, na kuuwekea nyavu mfereji wa shambani mwake ili samaki wasipenye.

Siku ya kuwaachia mferejini ilipofika, mama na majirani walikuwa wakipika tamale, mikate ya unga wa mahindi iliyofungwa kwa maganda ya mahindi, na boti za wageni zilikwisha kutia nanga. Domitila aliinamia tangi, akaganda. Kwenye matamvua ya ajolote mmoja palikuwa na kitu cheupe kama pamba.

"Nacho, njoo uone! Huyu ana kuvu."

Binamu yake alichungulia. "Si mmoja tu? Mtoe, wengine waende."

"Maji yao ni mamoja. Tutaupeleka ugonjwa mferejini!"

"We, watu wameshafika! Unataka kumwaibisha baba yako? Nyamaza bwana, nani atajua?"

Domitila aligeuka kumtazama baba yake. Baba alikuwa amevaa kofia mpya, na wapiga tarumbeta walishaanza. Hata hivyo alimwendea, akamshika mkono mbele ya wageni.

"Baba, tusiwaachie leo. Wanaumwa."

"Watoto wa siku hizi!" mtu mmoja akacheka.

Mzee Eusebio uso ulimshuka. Alikwenda kwenye tangi, akatazama kwa makini, akavua kofia.

"Jamani, kuleni mshibe. Ajolote hawaendi popote leo."

Daktari Hortensia, mganga wa wanyama, alithibitisha kuwa ni kuvu, na kwamba ilikwisha kuwaingia wengine. Akamfundisha Domitila kuwaogesha katika maji baridi yenye chumvi. Kazi ilikuwa ngumu, na wawili walikufa mikononi mwake. Nacho, kwa haya, alikuja kumsaidia kubeba ndoo. Hatimaye wote waliobaki walipona, wakaachiwa mferejini.

Majira ya baridi yalipoingia, Domitila alikuwa akisukuma mtumbwi kwa upondo, baba yake ameketi ndani, alipoona vitone vinavyong'aa kwenye majani ya majini.

"Baba! Mayai! Wametaga!"

Mzee Eusebio aliruka majini na viatu vyake. Aliyatazama mayai, machozi yakimtoka. Tangu ujana wake hakuwahi kuyaona humo. Majirani walikuja mbio, na Nacho alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

"Siku ile nilitamani ardhi ipasuke niingie," Mzee Eusebio alisema, akimkumbatia binti yake. "Lakini ungenyamaza ili kunisitiri, leo mfereji huu ungekuwa mtupu. Ukiona jambo limeharibika, mwanangu, sema mapema, hata kama watu watakucheka. Mimi baba yako nitakuwa wa kwanza kukushukuru."