Mistari Kumi na Saba Katika Daftari la Mvua

Ti… ti… ti…

Matone ya mwisho ya mvua yalikuwa yakidondoka kwenye kopo langu uani. Alfajiri, hata adhana bado.

Halafu mlango ukagongwa.

"Hodi, Bibi… ni mimi, Mundhir. Nimekuletea boflo la moto."

Nikanyanyua komeo.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, mlango niliufungua mimi! Kwa mkono wangu huu huu ninaoandikia! Hakuvunja, hakuruka ukuta. Nilimfungulia, nikamkaribisha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivi?"

Akaniwekea mkate mikononi, umefungwa gazeti, bado una joto. Akatabasamu. Akanipita.

Sikuwahi hata kurudisha komeo… nikasikia ukelele wa Wafaa!

Wafaa ni mjukuu wangu. Mama yake alifariki naye hajaota meno, nikamlea mwenyewe hapa Bububu. Mundhir ni mumewe, mwalimu wa takwimu chuoni. Walikuwa wakikaa Mkunazini, Mji Mkongwe.

Jana yake alasiri Wafaa alinijia na laptopu kaikumbatia kifuani na jicho moja limefunga kwa uvimbe. Nikamwambia, "Kaa hapa. Hapa hakugusi mtu."

Ndiyo ahadi niliyompa!

Nilipofika chumbani Mundhir alikuwa kamshika nywele, anamgonga kichwa ukutani.

"Iko wapi?"

"Sikupi! Ni kazi yangu!"

"Kazi yako? Nani anakujua we? Nitaiweka jina langu, watu waisome!"

Akamtupa chini. Akafungua kasha langu la nguo. Laptopu ilikuwa humo, chini ya kanga. Wafaa akajirusha, akaishika kwa mkono wa kulia.

Mundhir akakibamiza kifuniko.

Kile kifuniko ni cha mninga, wanangu. Mimi peke yangu sikiinui.

Nilisikia vidole vyake vikivunjika. Kama mdalasini unavyovunjwa.

Akakiinua… akakibamiza tena!

Na mimi nimesimama mlangoni, boflo la moto nimelikumbatia. Sikulitupa. Sikupiga kelele. Mpaka leo najiuliza kwa nini.

Aliyekuja ni Tabia, jirani yangu, na mchi wa kinu mkononi. Alimpiga Mundhir pigo moja begani, la pili likamshuka mgongoni.

"Toka! Toka, mbwa we! Toka nikumwage ubongo!"

Akatoka mbio, laptopu kwapani, damu ya mke wake kwenye kanzu.

Tabia akanigeukia, anatweta.

"Bi Shariffa! Hata mwizi akija na boflo utampa kiti?"



* * *

Niwaeleze hiyo laptopu ilikuwa na nini, maana damu ile haikumwagika kwa ajili ya chuma na plastiki.

Tangu mwaka 1985, kila alfajiri, mimi hupima mvua. Kopo la maziwa uani, rula ya skuli, daftari. Nilianza tu, sikumbuki hata kwa nini. Ilipofika mwaka 2007 nilikuwa na madaftari kumi na moja.

Pembeni ya mvua nilikuwa nikitia alama zangu. Siku nyengine duara. Siku nyengine mstari mdogo wa kusimama.

Wafaa akayaona yale madaftari, akang'aa macho.

"Bibi, miaka ishirini na mbili! Unajua hii ni hazina?"

Kuna programu ya takwimu inaitwa R. Ni ya bure. Watu wa dunia nzima wanaiandikia kazi mpya, kila kazi inafungwa pamoja na takwimu zake na maelezo yake, inaitwa kifurushi. Kisha kinapelekwa kwenye ghala moja la mtandaoni, mtu yeyote achukue. Wafaa alijifunza hayo peke yake, kwenye duka la intaneti pale Mlandege, akitoka kazini.

Akataka kutengeneza kifurushi cha kutabiri mvua za vuli zitaanza lini Unguja, kwa mvua ya kopo langu. Akakiita *vuli*.

Lakini ghala lina wenyewe, halipokei ovyo. Kabla hujapeleka, kompyuta inakikagua kifurushi chote. Makosa yawe sifuri. Maonyo yawe sifuri. Kila safu ya takwimu iwe na maelezo: hii ni nini, imepatikanaje.

Alichapa daftari baada ya daftari. Siku moja akasimama.

"Bibi, haya maduara na hii mistari ni nini?"

"Mambo yangu ya kizee. Yaache."

Akainamia daftari muda mrefu, kidole kinafuata tarehe. Maduara akayaacha. Mistari akaiingiza yote kumi na saba, hata mmoja hakuuruka. Wala hakuniuliza tena.

Baada ya mwezi akaniambia, "Bibi, kosa sifuri. Onyo moja limebaki."

"Onyo gani?"

"Safu ya mistari haina maelezo."

"Basi andika."

"Niandike nini, Bibi?"

Nikainuka, nikaenda kusuuza kopo. Wiki tatu nzima lile onyo likabaki palepale, kifurushi kimekamilika, hakiendi.

Hapo ndipo Mundhir alipokiona. Alikuwa anagombea nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo na hakuwa na kazi yake hata moja iliyochapishwa. Akamwambia Wafaa afute jina lake, aweke la mumewe. Wafaa akakataa. Mengine mshayaona.

* * *

Hospitali nilisema uongo.

"Kaanguka kisimani, daktari."

Daktari akamtazama Wafaa mkono, akanitazama mimi.

"Kisima gani hicho kinachobana vidole vinne, bibi?"

Muuguzi mmoja akavua kanga yake akamfunika mjukuu wangu, maana alikuwa anatetemeka. Sikumjua jina. Nilirudi nyumbani nikamtilia duara.

Mnaniuliza kwa nini nilidanganya? Siri ya nyumba, wanangu. Nilifunzwa hivyo, mke wa mtu hatangazwi. Na tena Mundhir kwangu mimi alikuwa mtu mwema! Akinichotea maji. Akininunulia dawa ya presha kabla haijaisha. Nilipougua malaria alinibeba mgongoni mpaka barabarani, kwenye tope la kupita vifundo.

Nilijiambia atabadilika. Mtu mwenye huruma hivi, atabadilika tu!

Siku ya tatu akarudi. Wafaa bado amelazwa, Tabia kaenda sokoni. Nilikuwa peke yangu uani, nasuuza kopo.

Mkononi ana boflo.

"Shikamoo, Bibi. Bibi, kompyuta inanikatalia. Inasema ile mistari haijaelezwa. Niambie ni nini, niende zangu."

"Sijui, mwanangu."

"Umeichora mwenyewe hujui?"

"Nshasahau."

Boflo likaanguka mchangani.

Akanishika shingo! Mkono mmoja tu. Akanisukuma mpaka ukuta wa kisima, kisogo kikagonga jiwe, macho yangu yakajaa nyota.

"Nnauliza kwa mara ya mwisho, bi kizee. Mistari ni nini?"

Nikawa natafuta pumzi, haipatikani. Mikono yangu inamkwaruza, yeye hata hashituki. Nikamwangalia machoni, namtafuta yule aliyenibeba mgongoni. Hayumo.

"Ra… radi…"

"Nini?"

"Siku za radi! Nilikuwa naandika siku za radi!"

Akaniachia. Nikaporomoka.

Akainama, akanitengenezea kanga begani, polepole, kwa adabu kabisa.

"Si ungesema mapema, Bibi?"

Akaliokota boflo, akalipangusa mchanga, akaliweka juu ya kinu. Akaenda.

Kesho yake ghala likakipokea kifurushi. Jina la mtunzaji: Mundhir. Chuoni akapongezwa, halua ikaliwa, kahawa ikanywewa.

Na mimi nililala wiki nzima, siwezi kumeza hata uji. Tabia akininywesha kwa kijiko cha chai, kijiko kimoja kimoja, huku ananisema.

"Kwa mjukuu wako ulinyamaza. Na kwa shingo yako utanyamaza?"

Siku ya nane nikafungua daftari. Nikachora mistari miwili ya Wafaa, wa siku ya jicho na wa siku ya kasha. Halafu nikachora wa kwangu.

Nilipouona ule wa kwangu, wanangu… ndipo nikajiona. Miaka miwili nilikuwa nachora mistari ya mtoto wangu kama mtu anayeandika mvua!

Nikavaa buibui, nikaenda kituo cha polisi. Askari mmoja wa kike akanipa kiti chake, yeye akasimama saa nzima akiandika maelezo yangu.

* * *

Mahakamani Mundhir alikuja na kanzu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono. Ungempa binti yako.

"Sijawahi kumpiga mke wangu hata kofi. Nilikwenda Bububu kumtazama Bibi, kama desturi yangu. Wafaa alijibana vidole mwenyewe kwa pupa."

Hakimu akaniuliza, "Bi Shariffa, una ushahidi gani?"

Nikatoa daftari.

"Kila mstari ni siku aliyonijia Wafaa kapigwa. Ipo kumi na saba kabla ya siku aliyokuja na jicho limevimba."

Watu wakaguna. Wakili wa Mundhir akacheka.

"Mheshimiwa, mistari ya kalamu! Bibi amekaa kitako siku aliyokwenda polisi, baada ya kugombana na mkwewe, akaichora yote. Nani atathibitisha kuwa ilikuwepo kabla?"

Kweli, nani?

"Mimi," akasema Wafaa.

Akasimama, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwiko. Kwa mkono wa kushoto akatoa karatasi alizochapa kule Mlandege.

"Mheshimiwa, hiki ni kifurushi kinachoitwa *vuli*, kipo kwenye ghala la wazi la dunia nzima. Kina safu ya mistari, tarehe kwa tarehe, sawasawa na daftari la Bibi. Ghala lilikipokea siku saba kabla Bibi hajakwenda polisi. Na tarehe ile hawezi kuibadilisha mtu wa hapa."

"Nani aliyekipeleka?" hakimu akauliza.

"Mume wangu. Jina lake lipo juu."



Hakimu akasoma kwa sauti, akimtazama Mundhir kila anapofika nukta.

"'Safu ya mistari: siku za radi. Takwimu zote nimezikusanya na kuzihakiki mwenyewe, siku kwa siku.' Maneno yako haya?"

"…Ndiyo, mheshimiwa."

"Siku hizi kumi na saba za radi, kumi na tatu hazina hata tone la mvua. Mbili zimo Januari, jua la kiangazi. Radi gani hiyo, mwalimu?"

Mundhir akamgeukia wakili wake.

"Na hizi," Wafaa akaendelea, "ni karatasi za hospitali. Tano. Tarehe zake zote zimo kwenye siku zake za radi."

Wanangu, mwizi alishika kitu asichokijua! Alichapisha mapigo yake mwenyewe, akatia jina lake juu, akaapa mbele ya dunia kuwa ni kweli!

Alifungwa miaka mitatu. Talaka Wafaa aliipata kwa Kadhi.

Wenye ghala aliwaandikia barua pamoja na rasimu zake zote za mwanzo, na toleo la pili likatoka kwa jina lake. Lile la kwanza limebaki kwenye hifadhi yao, na tarehe yake. Alichapa kwa mkono wa kushoto, mimi nimekaa pembeni namshikia daftari. Alipofika kwenye safu ile hakusita.

*Mistari: siku nilizopigwa. Chanzo: Bibi yangu, Bububu.*

Kompyuta ikakikagua kifurushi. Tukangoja.

"Kosa sifuri, Bibi," akasema. "Onyo sifuri."

Akaniegemea, akalia mpaka adhuhuri.

* * *

Mwaka wa pili wa kifungo chake nikaenda kumtazama gerezani. Nilinunua boflo la moto.

Tabia alinisema kutwa. "Kwani we una kichaa?"

"Ana maduara yake," nikamjibu.

Mundhir alikuwa kakonda, kanzu hana, ana nguo za mfungwa. Tuliwekewa waya katikati. Nikamfungulia daftari, nikalibandika kwenye waya alione.

"Duara hili, siku uliyonibeba mgongoni. Hili, dawa ya presha. Hili, ulinichotea maji ndoo sita. Kila wema niliouona niliuandika."

Akasogeza uso kwenye waya.

"Yapo mangapi, Bibi?"

"Mia na tatu."

"Kumbe ni mengi kuliko mistari." Sauti ikampanda kidogo, kama mtu aliyeona upenyo.

"Maduara mia hayafuti mstari mmoja, Mundhir. Nilidhani yanafuta. Ndiyo kosa langu mimi, na Wafaa amelilipia kwa vidole vyake."

Na nyinyi mnaosoma, hili ndilo nililolitaka mlichukue: mtu anayekubeba wewe mgongoni anaweza kuwa anamvunja mwengine vidole. Wema wake kwako uandike, ushukuru. Lakini usiuchukue ukawa shahidi wake kwa yule anayelia. Na ukiwa na mistari yako pembeni ya daftari, usingoje ifike kumi na saba. Usingoje ifike miwili!

Askari akagonga kengele. Nikapitisha boflo kwenye tundu la waya, nikafunga daftari, nikasimama.

Nilikuwa nshafika mlangoni aliponiita. Nikageuka. Kaukumbatia ule mkate kifuani kwa mikono miwili.

"Bibi… utakuja tena?"