Kengele Isiyosafishwa

JUMATATU, SAA 10:20 JIONI

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la matairi. Dirisha hakuna. Kiti kimoja, na alikikalia Ramani.

Ramani aliwahi kuwa msaidizi wa mpima ardhi, mpaka alipofukuzwa kwa kuhamisha mawe ya mipaka ya watu. Tangu hapo anachora ramani zake mwenyewe. Leo alichora kwa chaki sakafuni, na wengine watatu walisimama wakimtazama.

Wa kwanza ni kaka wa mke wake. Watu wote walimwita Shemeji, hata wasiohusika. Alibeba bastola chini ya shati na aliigusa kila baada ya dakika mbili, kama mtu mwenye jino bovu. Wa pili ni Mjomba, mchomeleaji mwenye mvi, macho mekundu kwa miaka thelathini ya moto wa gesi. Wa tatu ni mpwa wa Mjomba, mtoto wa dada yake, mwanamke wa miaka thelathini na minne, dereva wa lori lenye kreni. Kazini walimwita Winchi.

"Hii hapa kengele," Ramani alisema, akachora duara. "Shaba tupu. Yule msanii aliiyeyusha kutoka mabomba na vitasa vya zamani. Inaning'inia kwenye fremu ya vyuma vya reli. Kuna mtu anaitaka nzima, si vipande. Kesho saa tano na nusu tunaingia. Saa sita na nusu tumeshatoka. Saa saba kasoro kumi linakuja basi la wageni, halitatukuta."

"Ulinzi?" Mjomba aliuliza.

"Hakuna. Ua hakuna, geti hakuna, paa hakuna. Makumbusho gani yale, ni uwanja na vitu vimesimama juani. Yupo mama mmoja na daftari la wageni. Tunavaa ovaroli, tunampa barua. Tumetumwa kuichukua kengele ikasafishwe."

"Uzito?" Winchi aliuliza.

"Kilo mia tano."

"Nani kaipima?"

"Nimekadiria. Kwa picha."

"Picha haina kilo. Na lori nitalisogeza mpaka wapi?"

Aliyekwenda kukagua ni Shemeji. "Karibu tu," alisema.

"Karibu ni mita ngapi?"

"Dada, karibu ni karibu! Ulitaka nilale chini nijipime?"

Ramani alicheka. Shemeji akacheka zaidi. Mjomba hakucheka.

"Msikilizeni," alisema. "Mashine anaijua."

Winchi alichuchumaa, akachukua chaki. "Mkono wa kreni ukiwa mfupi una nguvu. Ukirefuka unachoka. Mita tatu nabeba tani moja na nusu. Mita sita, kilo mia sita tu. Mita nane, lori linapinduka. Nahitaji namba mbili. Uzito na umbali. Nyinyi hamna hata moja."

Ramani alifuta michoro yake kwa kiatu.

"Wewe endesha," alisema. "Hesabu niachie mimi."

Winchi aliirudisha chaki sakafuni. Alikuwa na mazoea ya kunyamaza. Miaka kumi alibeba mabati na nguzo za watu bila kuangusha hata moja, na kazi ya kreni kubwa, ile ya ghorofa, akapewa mpwa wa bosi aliyekuja na soksi nyeupe. Dili hili alilikubali apate lori lake mwenyewe, asiagizwe tena na mtu asiyejua kitu. Na sasa yupo hapa, anaagizwa na mtu asiyejua kitu.

JUMANNE, SAA 5:33 ASUBUHI

Walikaa wanne kwenye kabini ya watu watatu. Bosi wa Winchi aliamini lori limekwenda kupeleka kenchi za paa.

Uwanja ulianza ghafla, palipoishia nyumba za mwisho. Tambarare, changarawe, hakuna mti. Masinki ishirini ya kunawia mikono yalipangwa mstari, yakitazama milima. Milango sitini ilisimama wima bila ukuta, bila nyumba, mingine imefungwa kwa kufuli. Madawati ya shule yalipandana mpaka yakawa ngazi ndefu isiyokwenda popote. Nyuma ya ngazi hiyo, ndani ya fremu ya reli, ilikuwa kengele. Kimo cha mtu mzima. Kijani kwa kutu.

Winchi aliitazama mara moja, akajua.

"Ile si mia tano," alisema.

"Endesha," Ramani alisema.

Mama wa daftari alikuwa ameketi chini ya mwavuli. Mwalimu mstaafu, miwani imefungwa kwa uzi, daftari mapajani. Mjomba alimwamkia kwa adabu, ingawa walielekea kuwa rika moja. Ramani akatoa barua. Mwalimu aliisoma polepole, mstari kwa mstari, kalamu mkononi, akasahihisha herufi moja.

"Ikasafishwe?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Amri ya ofisi."

"Ofisi gani? Hamkusoma kibao pale mlipoingilia?"

Wote wanne waligeuka. Kibao kilikuwa kikubwa kama meza, maandishi meupe: HAPA HAKUNA KITAKACHOSAFISHWA, KITAKACHOTENGENEZWA WALA KITAKACHOEZEKWA. JUA NA MVUA VIACHIWE KAZI YAO.

"Marehemu msanii aliandika kwa mkono wake," Mwalimu alisema. "Hata ndege akichafua, hatufuti."

Ramani alimtazama Shemeji. "Umekuja hapa mara ngapi?"

"Tatu."

"Hukuona kibao?"

"Nilidhani ni sanaa."

Ramani alifumba macho. Alipoyafumbua, Shemeji alikwishatoa bastola.

SAA 5:46

Walimfunga Mwalimu mikono kwenye kitasa cha mlango mmojawapo, upande wenye kivuli. Mjomba ndiye aliyemfunga, kwa kamba ya turubai, akauliza kama inabana.

"Inabana," Mwalimu alisema. "Na wewe mtu mzima huoni haya?"

Mjomba aliilegeza kidogo.

Upande wa pili Winchi alikuwa akizunguka na lori. Kushoto masinki. Kulia mtaro. Mbele ngazi ya madawati, imejaa vyuma na misumari. Alishuka, akapima kwa hatua. Akapima tena. Akapiga teke tairi.

"Mita sita na nusu!" alimfokea Shemeji. "Hii ndiyo karibu yako? Hapa nabeba kilo mia tano na hamsini. Ile ni tani nzima, haipungui. Tuondoke. Yule mama hajui majina yetu, tuondoke."

"Au nipite juu ya madawati, nisogee," aliongeza. "Matairi yatapasuka lakini nitafika."

"Ukipasua matairi tutaondokaje?" Ramani aliuliza. "Nyoosha mkono. Fanya kazi."

Alishusha miguu ya chuma ya lori, akaikaza ardhini. Akanyoosha mkono wa kreni. Alihisi anapiga kelele ndani ya pipa.

SAA 6:04 MCHANA

Mkanda wa kuinulia ulipita chini ya pete ya kengele. Mjomba alipanda juu ya fremu na mpira wake wa gesi, akate pini iliyoishikilia kengele, miwani ya kiza usoni.

"Mjomba, usikate," Winchi alimwambia. "Nikaze kwanza, nijaribu. Nikikupa ishara ndipo ukate."

"Sawa, mwanangu."

Alivuta liva ya kreni. Mkanda ukakaza. Papo hapo king'ora cha mzigo kikalia, kikali, bila kupumzika, na taa nyekundu ikawaka.

"Nimesema! Inakataa! Tazama, inakataa!"

"Zima hiyo kelele," Ramani alisema.

"Haizimwi. Ndiyo inayotuambia—"

Ramani alipitisha mkono chini ya kisanduku cha king'ora, akakamata waya, akaung'oa. Kimya. Akageukia juu ya fremu. "Kata!"

Mjomba alimtazama Winchi. Winchi alitikisa kichwa. Shemeji akainua bastola, akamwelekezea mzee.

"Umeambiwa kata."

Mjomba alikata.

Pini ilipoachia, lori zima liliinama kama mtu aliyepigwa tumboni. Miguu ya upande wa pili ikanyanyuka toka ardhini. Winchi aliachia mzigo kabla lori halijapinduka, hakuwa na njia nyingine. Kengele ilishuka, ikagonga reli, fremu ikapinda, na Mjomba akaanguka nayo.

Mlio ule ulisikika mjini. Baadaye watu walisema vikombe vilitikisika mezani. Ulizunguka uwanjani, ukapita kwenye milango sitini. Ulipokwisha, Winchi alisikia mlio mwingine, mdogo. Mjomba alikuwa akilia.

Ukingo wa kengele ulikuwa juu ya mguu wake wa kulia, chini ya goti.

SAA 6:09

"Inua miguu ya lori," Ramani alisema. Alikuwa ameshafungua mlango wa kabini. "Tunaondoka."

"Mjomba yuko chini."

"Namwona. Mji mzima umesikia. Tunaondoka."

"Bila yeye sitoki."

"Wewe!" Shemeji alimfuata na bastola, jasho likimtiririka. Alimgeukia Ramani. "Si ulisema hawa wawili tutawamalizia kule darajani? Tumalizie hapa hapa, nitaendesha mimi!"

Ramani alimtazama shemeji yake kwa chuki ya miaka yote ya ndoa.

"Mdomo wako," alisema. "Mdomo wako, wewe."

Winchi alielewa. Kumbe ndiyo sababu hawakusumbuka na maswali yake. Mtu wa kumalizwa hajibiwi.

Hakulia wala kutukana. Alijivuta mpaka kwenye liva akainua miguu ya lori, moja baada ya nyingine. Ramani alipumua, akidhani ameshinda. Winchi alipanda kabini, akafunga mlango kabla yao, akatia gia, na badala ya kwenda barabarani akaliingiza lori kwenye ngazi ya madawati.

Mbao zilipasuka. Vyuma vilikwaruza chini ya lori. Mwalimu alipiga kelele pale mlangoni kama anayevunjwa mifupa. Tairi la mbele lilipasuka, la nyuma likafuata. Risasi ilipita kwenye kioo, nyingine ikaingia kwenye mgongo wa kiti. Lori lilisimama lenyewe, linachechemea, mita tatu toka kwenye kengele.

Alishuka upande wa pili. Akakaza miguu ardhini. Akavuta liva.

"Sasa piga," alimwambia Shemeji bila kumtazama. "Matairi hakuna. Utaendesha nini?"

Shemeji alitazama matairi. Akamtazama Ramani. Ramani hakuwepo pale. Alikuwa ameshaanza kukimbia.

SAA 6:17

Kengele ilinyanyuka upande mmoja. Kiganja. Viganja viwili. Mkanda ulikwishakatika nusu kwa kugonga reli. Winchi hakuweza kuachia liva, na Mjomba hakuweza kujivuta.

Mwalimu alikuwa ameifungua ile kamba iliyolegezwa. Alikuja akitembea juu ya vipande vya madawati, anahema, mikono ina michubuko.

"Mama, nakuomba," Winchi alisema. "Tia kitu hapo chini. Kisha umvute."

Mwalimu alisimama. Alitazama madawati. Alitazama kengele, kisha mtu aliyekuwa chini yake. Winchi hakuwa na la kumwahidi.

Mwalimu aliokota mguu wa dawati, akausukuma chini ya ukingo. Akaokota mwingine. Akamshika Mjomba makwapani, akavuta, akaanguka kitako, akavuta tena. Mguu ukatoka. Mkanda ukakatika sekunde hiyo hiyo na kengele ikagonga changarawe.

Winchi alivua ovaroli, akaifunga juu ya goti la Mjomba, akakaza kwa bisibisi kama alivyofundishwa kwenye mafunzo ya usalama ambamo wenzake walisinzia.

"Mwanangu, kimbia," Mjomba alisema.

"Nikimbilie wapi? Nyamaza."

Ukweli ni kwamba pa kukimbilia hapakuwepo. Tambarare ile haikumficha mtu. Toka pale alimwona Ramani, mdogo kama sisimizi, akikimbia kuelekea milimani, na gari la askari likimfuata bila haraka. Shemeji alijificha nyuma ya mlango wa bluu. Askari aliuzunguka mlango, kwani haukuwa na ukuta, akamnyang'anya bastola.

Kisha wakaja kwa Winchi. Walipomtia pingu, Mwalimu aliulizwa kama huyu naye alimfunga.

"Hakunifunga," alisema. "Lakini alikuja nao. Andika yote mawili."

Winchi aliomba apande gari la wagonjwa na mjomba wake. Walimkatalia.

ALHAMISI, SAA 9:00 ALASIRI

Mgeni wa rumande alikuwa Mwalimu. Alikaa ng'ambo ya wavu, mkoba mapajani.

"Shikamoo," Winchi alisema.

"Marahaba. Madawati thelathini na moja," Mwalimu alisema. "Nimeyahesabu. Marehemu aliyakusanya kwa miaka minne, shule kwa shule. Sikuja kukusamehe, usidhani."

"Sijaomba."

"Vizuri." Alirekebisha miwani. "Nimepita hospitali. Mguu wameukata jana."

Winchi aliinamisha kichwa. Alitamani kumshika mtu shati, amtikise, lakini waliostahili walikuwa chumba kingine, wakilaumiana tangu Jumanne mpaka askari wakachoka kuwasikiliza.

"Amesema nini?" aliuliza mwishowe.

"Amelaani. Kawalaani wale wawili, kailaani kengele, kakulaani wewe kwa kutokimbia. Kanilaani na mimi, eti nilivuta vibaya." Mwalimu aliurekebisha mkoba mapajani. "Halafu akaomba chai. Akanywa vikombe viwili."

Winchi alicheka. Kicheko kilianza vizuri, kikaharibika katikati, akaufunika uso kwa mikono yote miwili. Mwalimu hakumwambia anyamaze. Alikaa palepale mpaka askari aliposema muda umekwisha.