Mwito wa Nyumba Iliyofungwa

Ilianza na harufu, maana mambo haya huanzia puani. Nyumba ina kufuli lililoota kutu, madirisha yake ya mbao yameinamia kichochoro kama mashoga wanaosengenya, na ndani mtu anakaanga vitunguu! Watalii walikuwa wakipiga picha nyumba za kale za Jeddah jioni ile, wala hakuna aliyegeuza pua. Truphena peke yake.

Huyu Truphena, mtoto wa Vihiga, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kule Al-Naseem, Riyadh, na madam wake alimleta matembezini ili ambebee mkoba. Mkataba ulikuwa umekwisha. Wiki ile ile angepewa pasipoti yake akamwone bintiye Joy, aliyemwacha akitambaa na sasa anavaa sare za shule.

"Truphena!" Sauti ilitoka dirishani, juu.

"Naam, madam!"

Usimcheke. Ukiitwa kutwa kucha na mtu asiyependa kurudia, mdomo huitangulia akili. Akili ilipofika, ikamkuta madam yuko mbele analamba aiskrimu. Tena jina lilimshinda madam tangu siku ya kwanza, akamwita Tina, basi. Wa dirishani alilitaja lote, safi, kama mama mzazi.

Dereva wao, Hezron, aliwangoja awapeleke kwenye mashua ya chakula cha jioni. Madam akaingia garini, Truphena akaingia, Hezron bado kashikilia mlango.

"Si ufunge twende?" Truphena akamwuliza.

"Na huyu mama je?"

"Mama gani?"

Hezron akatazama kichochoro, akatazama kiti, akaufunga mlango taratibu. Gari zima likanuka vitunguu.

Pwani, madam aliposhuka, Hezron akamnong'oneza Truphena, "Mama Joy, kuna mtu alikuita kule?"

"Aliniita."

"Ukaitika?"

"Sasa nisiitike, mimi nani?"

"Yesu wangu! Mimi nimeishi Mombasa. Mtu haitikii asiyemwona. Ukiitika mara ya kwanza, amekuandika kazi. Ya pili, anakuchukua. Akiita tena, uma ulimi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uione Vihiga."

Mashua ikang'oa nanga, taa za mji zikarudi nyuma, watu wakaanza kuchambua samaki wao na kucheka, na hapo ndipo sauti ikaanza tena, safari hii chini ya maji, Truphena lete maji, Truphena njoo unichane nywele, Truphena mbona umekaa, naye akauma ulimi na kuuma mpaka akaonja chumvi ya damu, akakaza macho kwenye sahani asisikie, lakini alipoinua uso hakuwa mezani tena, alikuwa amesimama ukingoni, kifua nje ya reli, jagi mkononi, anaimiminia bahari maji ya kunywa.

"Tina! Umeingia wazimu?"

Lo, alivyolikimbilia jina lile! Utadhani kabatizwa upya.

Wakarudi Riyadh. Kimya. Hakuna sauti, hakuna kitunguu. Asubuhi ya safari sanduku likafungwa kamba, Hezron yuko getini, injini inanguruma. Truphena akasimama chini ya ngazi akingoja pasipoti.

Jikoni moto haukuwashwa siku hiyo. Ile harufu ikashuka ngazi polepole, na nyuma yake akatokea madam, nywele wazi, zinachuruzika maji, pasipoti mkononi.

"Truphena," akasema madam, kila herufi mahali pake. "Hii hapa. Unaitaka?"

Truphena akauma ulimi, akanyoosha mkono tu.

Madam akaikumbatia pasipoti kifuani, akatabasamu. "Siku hizi huitiki?"

Honi ikalia nje. Ikalia tena, ndefu. Ndege haingoji mtu. Truphena akamwona Joy na sare zake, amesimama mlangoni kule Vihiga, anaangalia barabara.

Meno yakaachia ulimi.

"Naam, madam."

"Vizuri," akasema yule wa juu, akampa kisogo. "Panda sasa, unichane nywele."