Kimo cha Imogen

Jumamosi ile Rosalind Averill alikunywa chai yake taratibu, akawasha gari, akaenda Devon kuitafuta nyumba ya mababu. Tangu amzike Imogen, binti yake wa pekee aliyefariki na miaka sita, hakuwa na kazi nyingine. Alizunguka makanisa na makaburi akiwasaka akina Averill, ukoo uliokuwa na mashamba na majigambo yake, sasa amebaki yeye tu. Majirani tulisema anajisumbua. Kumbe maskini alitaka kujua mwanawe yuko na akina nani huko aliko.

Jumba la Harcombe lilikuwa na mtunzaji mmoja, Bi Tuffley, kizee mwenye maneno.

"Averill? Pua hiyo hiyo! Karibu, bibie. Pangusa viatu, mazulia haya yametuzidi umri sote."

Alimpandisha hadi chumba cha watoto. Rosalind alipouona mwimo wa mlango, machozi yalimlengalenga. Ulikuwa umechanjwa kwa kisu, alama juu ya alama, kila moja na jina. Ndivyo baba yake alivyompima kimo kila siku ya kuzaliwa kwake, na ndivyo yeye alivyompima Imogen, kwenye mlango wa jikoni.

"Mbona majina mengine yamekwanguliwa?"

"Hao walikufa wadogo. Mtoto wa Averill akifa, alama zake hukwanguliwa siku ya mazishi. Kwani baba yako hakukwambia?"

Hakuambiwa. Baba yake alikuwa mzito wa kusema.

Kisha akaliona jina la Edmund. Alama zake zilipanda, zikampita Rosalind kimo, zikaishia juu kabisa ya mwimo.

"Huyu alikuwa mrefu kweli."

Bi Tuffley alishusha sauti. "Huyu alikufa na miaka minne. Mama yake alikataa kukwangua."

Pembeni palikuwa na safu nyingine, yenye jina la Honoria. Hiyo ilikuwa inashuka. Alama ya mwisho ilikuwa usawa wa goti.

"Ndiye mama yake?"

"Ndiye. Kimo lazima kitoke mahali, bibie." Kizee akayatazama machozi yake. "Wa kwako umemkwangua?"

Rosalind alitikisa kichwa.

"Nenda. Leo leo."

Alifika nyumbani jua bado liko juu. Akachukua kisu, akapiga magoti mlangoni pa jikoni. Alama ya mwisho ya Imogen aliijua hata kwa kupapasa. Juu yake palikuwa na nyingine. Mbichi. Unga wa mbao ulikuwa bado sakafuni.

Alilia kilio ambacho hata makaburini hakukilia. Akakiweka kisu kwenye jina. Mkono ukagoma. Angewezaje kumzika mara ya pili, tena kwa mikono yake mwenyewe?

"Umekua, mama," alinong'ona.

Akasimama. Akaegemeza mgongo kwenye mwimo, akapitisha kisu juu ya utosi wake mwenyewe.

Jirani yetu Beryl anaapa hakuwahi kumwona na furaha kama miaka iliyofuata. Sketi zake tu ndizo zilizoanza kuburura chini. Kisha hatukumwona tena.

Fundi aliyekuja kupaka rangi nyumba ile aliondoka bila kumaliza. Kwenye mwimo wa jikoni, alisema, safu moja imepanda hadi juu. Nyingine imeshuka hadi sakafuni. Na pale chini kabisa, kwenye alama ya mwisho, pamechanjwa kwa mwandiko wa kitoto: Mama.