Nati Nyekundu ya Usukani

Alfajiri, mpita njia alimkuta muuguzi mtaroni chini ya mteremko, mfupa wa bega umevunjika, baiskeli imemlalia.

"Nilikata kona," alilia, "usukani ukageuka, gurudumu likaenda mbele tu bila kugeuka."

Dada yake, sajini wa upelelezi, aliikagua baiskeli huku amefura kwa hasira. Usukani ulizunguka ovyo. Nati yake nyekundu ilikuwa imelegea, pembe zimeliwa, rangi imebanduka.

"Mkamate yule fundi baiskeli," alisema shemeji yake, mume wa muuguzi, fundi bomba. "Jana ndiye aliyeirekebisha."

Sajini aliingia karakana bila hodi.

"Nusura umuue mdogo wangu!"

"Mimi?" Fundi alisimama. "Mgongo ulikuwa ukimuuma kwa kuinama. Nikampandishia usukani, nikashusha kiti mpaka kisigino kikafika kwenye pedali mguu ukiwa umenyooka. Nikabana nati. Halafu nikalibana gurudumu kwa magoti, nikaupinda usukani kwa nguvu zote. Haukucheza."

"Ulibana na nini?"

Akamwonyesha spana ya pete. "Hii inaishika nati kote."

"Na spana malaya?"

"Ile ya kupanua mdomo? Hapa haiingii. Inakula pembe za nati."

Sajini alipekua karakana nzima. Hakuiona.

Usiku wa kuamkia ajali baiskeli ilikuwa imelala sebuleni kwa muuguzi, mlango umefungwa kwa ndani. Nyumbani mlikuwa na watu wawili tu, mke na mume. Sajini akaenda huko, akafungua kisanduku cha vifaa vya mabomba.

Adhuhuri alimkuta shemeji yake wodini, kando ya kitanda.

"Shemeji, jana usiku uliigusa baiskeli?"

"Hata kuisogeza sikuisogeza."

Sajini akabwaga spana malaya juu ya shuka. Mdomoni ilikuwa na magamba ya rangi nyekundu.

"Basi rangi hii iliruka yenyewe?"

Mume akalipuka. "Tangu apate hilo dude hataki nimpeleke kazini kwa pikipiki! Anatoka atakavyo, anarudi atakavyo! Nilitaka aanguke kidogo tu, aogope!"

"Kidogo? Pale chini yanapita malori, mshenzi wewe!" Sajini alimkunja shati, ngumi ikapanda.

"Dada, usimguse," alisema muuguzi, ameuma meno kwa maumivu. "Akitoka hapa na jicho limevimba, atajifanya yeye ndiye aliyeonewa. Mtie pingu."

Pingu zikalia. Mume akamgeukia mkewe.

"Mke wangu…"

"Na funguo za nyumba," muuguzi alimwambia dada yake, "aziache hapa."