Ijumaa Zote za Husnah

Kwenye foleni ya chapati, shuleni kwao Kansanga, Husnah aliguswa bega. Kugeuka, ni Oyet. Amerefuka, shati limenyooshwa kwa pasi, macho yaleyale ya uchokozi. Alikuwa amekuja na shule yake ya Kawempe kwa mdahalo. Hawakuwa wameonana kwa miaka minne, tangu baba yake Husnah alipostaafu upolisi. Kabla ya hapo walikulia kambini, vibanda vyao vya mabati vikitazamana.

"Husnah wa kambi," Oyet alisema kwa Kiswahili, akitabasamu. "Mama yako bado iko nasuka mikeka?"

Maskini, hakujua. Husnah alikuwa amewaambia rafiki zake kwamba baba ni tajiri na kwamba yeye mwenyewe Kiswahili hakijui, kwa kuwa shuleni pale Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na wezi. Nao rafiki zake walikuwa nyuma yake, masikio wazi. Akajibu kwa Kiganda kwamba amemfananisha. Oyet akaomba radhi kwa adabu, akaondoka bila chapati. Baada ya mdahalo mwalimu wa Oyet alimuaga kijana wake mbele ya watu: kesho alfajiri Oyet angehamia Gulu, mbali kaskazini, na wazazi wake. Husnah alilala akilia.

Alipoamka, ilikuwa Ijumaa ileile tena.

Mara ya pili alijificha maktaba, akamwona Oyet dirishani akipita peke yake. Mara ya tano alimvuta nyuma ya jiko wakanong'ona. Oyet akauliza kwa nini wajifiche kama wezi wa kuku, akaenda zake. Mkataa kwao mtumwa, na huyu binti alitumikia Ijumaa kumi na moja. La ajabu, alianza kuzipenda. Kila moja ilikuwa na Oyet ndani yake. Alihisi kwamba akisema kweli siku itamwachia, na ikimwachia, Oyet ataenda. Lakini alichoka kumpenda mtu huku akijikana mwenyewe.

Ya kumi na mbili, alipoguswa bega, aligeuka akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika foleni nzima, kwamba mama anasuka, tena mikeka yake ndiyo imemlipia karo. Nabangala, rafiki yake mkubwa, akauliza kwa kejeli amejifunza wapi lugha hiyo.

"Nyumbani," Husnah akasema. "Mimi Mnubi, mtoto wa polisi. Na huyu Oyet, mimi nampenda."

Wengine walicheka. Oyet hakucheka.

"Kesho mimi naenda Gulu," akasema polepole.

"Najua."

"Sasa mbona naniambia leo?"

"Kwa sababu leo ndiyo iko."

Waligawana chapati moja. Husnah alimshika Oyet mkono mpaka mwalimu alipomwita kijana, na mkono ule ulikuwa na jasho kama wake.

Asubuhi Husnah alimkuta mama akikunja mikeka ya kupeleka sokoni. Basi la Gulu lilikuwa limeshaondoka. Akakaa sakafuni, akalia kwa sauti.

"Nani amekufa?" mama akauliza, ameshtuka.

"Hakuna mtu, Mama. Imekuwa Jumamosi."