Shimo la Machicha

Ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa na utulivu wa kuonewa wivu. Asubuhi mume alikamua ng'ombe wao wanne huku akiimba kwa sauti mbovu, mkewe akichuja maziwa na kumcheka. Nyuma ya banda kulikuwa na shimo lililopita kimo cha mtu, alilolichimba mume mwenyewe. Humo alishindilia machicha mabichi kutoka kiwanda cha bia, akayafunika kwa turubai ili yawalishe ng'ombe kiangazi.

Kisha mume akauza ndama ambaye mke alimlea kwa chupa, bila kumwambia. Mke akanuna. Mume naye akanuna kwa kuwa amenuniwa. Chakula kikawa kinawekwa mezani bila neno. Nyinyi mnaonisikiliza mnazijua nyumba za namna hiyo. Pengine mmoja wenu katoka kwenye moja leo.

Wiki ya pili bwana mifugo alipita, akamkuta mke peke yake. Akalitazama shimo, akatikisa kichwa. Akamweleza kwamba machicha yakichacha shimoni hutoa hewa nzito isiyoonekana, nayo hutuama chini. Anayeshuka humo hamalizi dakika. Yavutwe kutoka juu, mtu asiingie kabisa.

"Mwambie mzee, mama. Leo hii."

Mke aliitikia. Moyoni akasema: akinisemesha yeye kwanza, nitamwambia.

Siku ya tatu, mchana, akichambua maharage ukumbini, alisikia ndoo ikianguka nyuma ya banda. Akadhani mume anabamiza vitu makusudi ili aulizwe kulikoni. Akaendelea kuchambua, akamaliza ungo mzima. Ng'ombe walipozidi kulia kwa njaa ndipo akaenda. Turubai limekunjwa, ngazi imeegemezwa, na chini mume amelala kifudifudi juu ya machicha, kama mtu aliyechoka.

Mguu wa mke ulikwisha kanyaga ngazi. Akaurudisha. Akapiga yowe, seremala wa jirani akaja mbio, akataka kushuka, mke akamng'ang'ania shati. Walimtoa mume kwa kamba na kulabu. Alikuwa amekwisha kufa.

Msibani watu walimsifu mke kwamba amezuia makaburi mengine mawili. Mama mkwe, aliyekuwa amemshika mkono, akauliza kwa upole, "Lakini ulijuaje, mwanangu?"

Akamweleza yote, hata yale maharage. Mama mkwe akasema:

"Basi si ungeniambia mimi, nikamwambia?"

Mkono hakuuondoa. Mke yule husema afadhali angeuondoa.

Ng'ombe waliuzwa, shimo likafukiwa. Lakini majirani humsikia mchana, peke yake ukumbini, akisema taratibu, kama anayemkumbusha mwenziwe jambo dogo: "Bwana mifugo kasema usishuke."

FUNZO

Machicha mabichi yahifadhiwe kwenye shimo fupi au mapipa yenye mifuniko, na mtu asiingie kamwe palipochacha. Na nyinyi wanandoa, nuneni mkitaka, maana sote hununa. Ila neno la kuokoa uhai lisemeni siku hiyohiyo, hata kama mnalisema mkiwa mmegeuziana migongo.